Viashiria vya Saratani ya Kibofu cha Mkojo: Namna Vinavyosaidia Kutambua Kujirudia kwa Ugonjwa Baada ya Tibakemia

Kumaliza dozi ya mwisho ya tibakemia ni hatua kubwa kwa mgonjwa wa saratani ya kibofu cha mkojo, lakini si mwisho wa matibabu yake. Saratani hii ni miongoni mwa zile zenye tabia kubwa ya kujirudia. Uchambuzi wa tafiti za Ulaya uliochapishwa mwaka 2006 ulionesha kuwa, kwa wagonjwa ambao uvimbe wao haujafika kwenye msuli wa kibofu, kati ya asilimia 31 na asilimia 78 hupata uvimbe mwingine ndani ya miaka mitano, kutegemea ukubwa, idadi na ukali wa uvimbe wa awali. Kwa sababu hiyo mgonjwa hubaki chini ya uangalizi wa daktari kwa miaka mingi, hata anapojisikia mzima kabisa.

Katika kipindi hicho cha uangalizi mgonjwa hupimwa mkojo na damu, hupigwa picha za tumbo na kifua, na kibofu chenyewe huchunguliwa kwa kamera. Baadhi ya vipimo vya mkojo na damu hutafuta viashiria vya saratani, yaani vitu vinavyotolewa na seli za saratani, au na mwili unapokabiliana nazo, ambavyo wingi wake unaweza kudokeza kwamba ugonjwa upo, umepungua au unarudi. Vipimo hivi vina msaada mkubwa vikisomwa ipasavyo. Vikisomwa peke yake, vinaweza kumtia hofu bure mtu aliyepona, au kumtuliza mtu ambaye saratani yake imeanza kurudi.

Kwa wakazi wa Mkoa wa Morogoro, usomaji huo unahitaji uangalifu wa ziada. Kichocho cha mkojo ni chanzo kimojawapo cha saratani ya kibofu, na ugonjwa huohuo unaweza kuvuruga majibu ya vipimo vinavyotumika kufuatilia saratani hiyo. Mgonjwa na familia yake wakilifahamu jambo hili, wataelewa kwa nini daktari huagiza kipimo kingine baada ya kile cha kwanza, na kwa nini tarehe ya kliniki haipaswi kuachwa ipite.

Maji, konokono na kibofu

Milima ya Uluguru ni chanzo cha maji kwa mamilioni ya Watanzania. Mto Ruvu, unaotegemewa na wakazi wa Dar es Salaam na Pwani, unaanzia huko, na Mto Ngerengere unateremka kuingia Bwawa la Mindu, linalohudumia Manispaa ya Morogoro. Juu milimani maji huenda kasi. Yanapofika tambarare hupunguza mwendo, hugawanywa katika mifereji ya umwagiliaji, hujaza majaruba ya mpunga na kutuama katika malambo na madimbwi. Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho cha mkojo hustawi zaidi katika maji ya namna hiyo, yaliyotulia au yanayotembea polepole.

Vimelea hivyo hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua, anayevua samaki au anayelima ndani ya maji. Vikishakomaa huwa minyoo inayoishi katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Minyoo jike hutaga mayai, na mengi hunasa katika ukuta wa kibofu. Mayai hayo husababisha uvimbeuchungu na makovu ya muda mrefu, na damu huonekana kwenye mkojo. Miaka mingi ya hali hiyo inaweza kuzibadilisha seli za ukuta wa kibofu hadi kuwa saratani. Uhusiano huo ulielezwa na Ferguson mjini Cairo mwaka 1911, na mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka kimelea cha kichocho cha mkojo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Tanzania ina ushahidi wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulipitia kumbukumbu za wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu waliochunguzwa katika Hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Zaidi ya nusu yao walikuwa na saratani ya seli bapa, aina inayohusishwa sana na kichocho. Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini hali ni tofauti: saratani nyingi za kibofu ni za seli za utando wa ndani wa njia ya mkojo, na kisababishi kikuu ni uvutaji wa tumbaku. Tofauti hii ya aina za saratani ina maana kubwa katika suala la viashiria, kwa kuwa vipimo vingi vilibuniwa na kujaribiwa kwa wagonjwa wa huko.

Tibakemia hutolewa kwa namna mbili

Neno tibakemia, au kemo kama wengi wanavyoita, lina maana zaidi ya moja katika saratani ya kibofu. Namna ya kwanza ni dawa kuwekwa moja kwa moja ndani ya kibofu kupitia mpira wa mkojo, baada ya uvimbe kukwanguliwa kwa njia ya kamera. Dawa kama mitomisini hutumika hivyo kwa saratani ambayo haijafika kwenye msuli. Katika kundi hilohilo la wagonjwa, madaktari hutumia pia BCG, chanjo ileile wanayopewa watoto kukinga kifua kikuu. Hiyo si tibakemia. Ni tiba inayoamsha kinga ya mwili ishambulie seli za saratani.

Namna ya pili ni dawa kupitia mshipa wa damu, ili zifike mwili mzima. Hutolewa kabla au baada ya upasuaji wa kuondoa kibofu, au pale saratani inapokuwa imesambaa. Mchanganyiko unaotumika sana ni wa jemsitabini na sisplatini. Sisplatini huhitaji figo zenye nguvu, na hapa kichocho huleta tatizo jingine: makovu yake yanaweza kuziba mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo, mkojo ukarudi nyuma na figo zikadhoofika. Mgonjwa wa namna hiyo huenda akabadilishiwa dawa. Aidha, saratani ya seli bapa kwa kawaida haiitikii tibakemia vizuri kama ile ya seli za utando, hivyo upasuaji hubaki kuwa tiba yake kuu pale unapowezekana.

Ni muhimu mgonjwa kufahamu ni tiba ipi aliyopewa na ni aina gani ya saratani iliyoonekana kwenye kinyama alichokatwa. Taarifa hizo mbili ndizo zinazoamua ni kiashiria kipi kinafaa kumfuatilia, na kama kipo kinachofaa.

Kiashiria ni dalili, hakithibitishi ugonjwa

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Wakazi wa Uluguru, ambao huyaona mawingu karibu kila siku ya mwaka, wanajua pia kwamba si kila wingu hunyesha. Kiashiria cha saratani kiko hivyo. Kikipanda, humwambia daktari kwamba kuna jambo la kuchunguza. Hakimwambii kwa uhakika kwamba jambo hilo ni saratani.

Wananchi wengi wamekwisha kusikia kipimo cha PSA kinachohusu tezi dume. Kwa saratani ya kibofu hakuna kiashiria kimoja kilichokubalika kutumika peke yake kufuatilia wagonjwa. Vipo vingi, na vinagawanyika katika makundi matatu: vinavyotafutwa kwenye mkojo, protini zinazopimwa kwenye damu, na vipande vya DNA ya saratani vinavyoelea kwenye damu.

Viashiria vya mkojo

Kipimo cha zamani zaidi ni kuangalia mkojo kwa hadubini ili kutafuta seli za saratani zilizobanduka kutoka kwenye ukuta wa kibofu. George Papanicolaou, ambaye jina lake linafahamika kutokana na kipimo cha mlango wa kizazi, ndiye aliyeeleza matumizi yake mwaka 1945 akiwa na mwenzake Victor Marshall. Mtaalamu akiona seli hizo waziwazi, jibu lake linaaminika sana. Udhaifu wake ni kwamba saratani zisizo kali hutoa seli zinazofanana na za kawaida, hivyo nyingi hupita bila kuonekana. Seli zilizojeruhiwa na dawa zilizowekwa ndani ya kibofu nazo huweza kumchanganya msomaji wa kipimo.

Kiashiria kingine ni NMP22, protini inayotoka katika kiini cha seli na kuingia kwenye mkojo seli zinapokufa. Kipimo chake kinaweza kufanyika kliniki kwa matone machache ya mkojo na jibu likapatikana siku hiyohiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 nchini Marekani ulifuatilia wagonjwa 668 waliowahi kutibiwa saratani ya kibofu. Saratani ilikuwa imejirudia kwa wagonjwa 103. Kuchungulia kwa kamera peke yake kulibaini 94 kati yao. NMP22 peke yake ilibaini takriban nusu. Vipimo vyote viwili kwa pamoja vilibaini 102. Kwa upande mwingine, kati ya kila wagonjwa 100 ambao hawakuwa na saratani, takriban 13 walipewa na NMP22 jibu la kuashiria kuwa wanayo.

Takwimu hizo zina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kiashiria cha mkojo, kikiongezwa juu ya kamera, hupunguza idadi ya wanaopitwa. La pili ni kwamba kikitumika badala ya kamera, nusu ya wagonjwa ambao saratani yao imerudi wangerudishwa nyumbani wakiambiwa hali ni shwari.

Kipimo kiitwacho BTA hutambua protini inayofanana sana na protini iliyomo katika damu ya kila mtu mwenye afya. Kwa hiyo damu yoyote ikiingia kwenye mkojo, iwe ni kwa mawe, maambukizi, jeraha au kichocho, kipimo hicho kinaweza kusema kuna saratani wakati haipo. Vipo pia vipimo vinavyochunguza mabadiliko katika kromosomu za seli zilizomo kwenye mkojo. Hivyo haviyumbishwi sana na damu, lakini vinahitaji maabara yenye vifaa na wataalamu wa vinasaba.

Viashiria vya damu

Kwa wagonjwa waliopewa tibakemia ya mshipa, madaktari huweza kupima protini kama CEA, CA 19-9 na CA 125. Protini hizi hazikutokana na utafiti wa kibofu. CEA iligunduliwa mwaka 1965 katika utafiti wa saratani ya utumbo mpana. Hata hivyo, sehemu ya wagonjwa wenye saratani ya kibofu iliyosambaa au iliyofika mbali huwa nazo kwa wingi kuliko kawaida.

Manufaa yake yapo katika mwelekeo wa namba, si katika namba moja. Mgonjwa ambaye kiwango chake kilikuwa juu kabla ya tibakemia, kikashuka hadi kawaida baada ya dozi, huwa na matarajio bora kuliko yule ambaye kiwango chake hakikutikisika. Kiwango kilichoshuka kisha kikaanza kupanda kipimo baada ya kipimo ni sababu tosha ya kutafuta ugonjwa kwa picha za CT. Ikiwa kiwango kilikuwa cha kawaida tangu mwanzo, kiashiria hicho hakina msaada kwa mgonjwa huyo, na kukipima tena na tena ni gharama isiyo na faida.

Protini hizi nazo hupandishwa na mambo mengine. CEA huwa juu kwa wavutaji wa sigara. CA 19-9 hupanda njia ya nyongo inapoziba. CA 125 hupandishwa na uvimbeuchungu wa tumboni na hata na hedhi. Ndiyo maana daktari humuuliza mgonjwa maswali mengi kabla ya kutoa maana ya jibu la maabara.

DNA ya saratani katika damu

Eneo lililopiga hatua kubwa katika miaka ya karibuni ni lile la DNA. Seli za saratani zinapokufa huacha vipande vya DNA vinavyozunguka katika damu, na vipande hivyo vina makosa ya kinasaba yanayofanana na yale ya uvimbe uliovitoa. Wataalamu husoma kwanza makosa yaliyomo katika kinyama cha mgonjwa, kisha huyatafuta makosa hayohayo katika damu yake.

Mwaka 2019 watafiti wa Aarhus, Denmark, walichapisha matokeo ya wagonjwa 68 waliopewa tibakemia kabla ya kuondolewa kibofu. Kwa wale ambao DNA ya saratani ilikuwa bado imo katika damu kabla ya upasuaji, ugonjwa ulijirudia kwa asilimia 75. Kwa wale ambao haikuonekana, ulijirudia kwa asilimia 11. Baada ya upasuaji tofauti ilikuwa kubwa zaidi: asilimia 76 ya waliokutwa na DNA hiyo walipata saratani tena, na hakuna hata mmoja aliyepata kati ya wale ambao haikuonekana. Kwa wastani wa kati, kipimo cha damu kilitangulia picha kwa siku 96.

Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa kimataifa wa IMvigor011, ambao ulitumia kipimo cha aina hiyo kuamua nani apewe tiba ya kinga baada ya kuondolewa kibofu. Waliokutwa na DNA ya saratani wakapewa dawa walinufaika kuliko wenzao waliopewa dawa isiyo na kiambata cha tiba. Wale ambao DNA hiyo iliendelea kutoonekana walifuatiliwa bila kuongezewa dawa, na wengi wao walibaki salama.

Matokeo hayo yanaonesha mwelekeo wa tiba ya miaka ijayo. Kwa sasa kipimo hicho ni cha gharama kubwa, kinahitaji mashine za kusoma vinasaba, na si sehemu ya huduma ya kawaida katika hospitali nyingi barani Afrika. Zaidi ya hayo, kilithibitishwa kwa wagonjwa wengi wenye saratani ya seli za utando. Ili kijulikane kina nguvu kiasi gani kwa saratani ya seli bapa inayotokana na kichocho, kinapaswa kujaribiwa kwa wagonjwa wa maeneo yenye kichocho.

Mkojo wa damu kwa mtu aliyetibiwa saratani

Hatari kubwa zaidi kwa mkazi wa Morogoro haipo maabara. Ipo katika namna mkojo wa damu unavyochukuliwa na jamii. Katika maeneo ambako kichocho ni ugonjwa wa kawaida, mtu akiona damu hudhani moja kwa moja kuwa ni kichocho, na mara nyingi huwa sahihi. Lakini kwa mtu aliyekwisha kutibiwa saratani ya kibofu, damu hiyo lazima ihesabiwe kuwa huenda ni saratani iliyorudi hadi uchunguzi uoneshe vinginevyo.

Prazikwanteli ni dawa nzuri ya kichocho. Huua minyoo. Haitibu saratani, wala haiondoi makovu ya miaka mingi. Damu ya kwenye mkojo inaweza kukatika yenyewe kwa wiki kadhaa hata kama uvimbe upo, na mgonjwa akiwa amemeza dawa ataamini kwamba imemponya. Mtu anayerudia dozi mara mbili au tatu kwa mtindo huo anaweza kupoteza miezi ambayo upasuaji ungewezekana.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Mgonjwa aliyetibiwa saratani, akarudi shambani na kupata maambukizi mapya ya kichocho, anaweza kuonesha kiwango cha juu cha NMP22 au BTA bila saratani kurudi. Ili kuepuka mkanganyiko huo, hupimwa kwanza mayai ya kichocho na maambukizi ya njia ya mkojo, hutibiwa kinachoonekana, kisha kiashiria hurudiwa. Hata hivyo matibabu hayo hayapaswi kuahirisha kuchunguliwa kibofu kwa kamera, hasa ikiwa damu inaonekana kwa macho.

Funzo kutoka Kilosa

Mkoa wa Morogoro una historia yake ya kutumia kiashiria rahisi kwa hekima. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Wilaya ya Kilosa ilikuwa eneo la utafiti uliohusisha watafiti wa Ifakara na wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Uswisi, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1991 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Lengo lilikuwa kuzitambua shule zenye kichocho kingi bila kupeleka maabara katika kila kijiji.

Njia yao ilikuwa na hatua mbili. Kwanza, dodoso zilipitishwa katika mfumo wa elimu, na wanafunzi wakaulizwa kuhusu magonjwa na dalili walizokuwa nazo, ikiwemo damu kwenye mkojo. Pili, katika shule zilizoonekana kuwa na tatizo, walimu walipima mkojo wa wanafunzi kwa vijiti vinavyobadilika rangi vinapogusa damu. Walioonekana kuwa na damu ndio walioelekezwa kwenye tiba. Maswali machache na kijiti cha bei nafuu vilitosha kuonesha pa kuelekeza nguvu.

Mantiki ya Kilosa ndiyo mantiki ya viashiria vya saratani. Kipimo chepesi hutangulia, huwachuja watu, na huwapeleka wanaohitaji kwenye kipimo kizito zaidi. Kijiti hakikuthibitisha kichocho kwa mtoto mmoja mmoja. Kiliongeza uwezekano wa kumfikia anayeumwa. Vivyo hivyo, NMP22 au CEA haithibitishi kwamba saratani imerudi. Uthibitisho hutoka kwenye kamera, kinyama na picha.

Ratiba ya uangalizi

Miongozo ya kimataifa inaelekeza kwamba kibofu kilichokwanguliwa uvimbe kichunguliwe kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu. Mgonjwa mwenye hatari ndogo, akionekana salama, huchunguliwa tena baada ya miezi tisa, kisha mara moja kwa mwaka hadi ifike miaka mitano. Mwenye hatari kubwa huchunguliwa kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili, kila baada ya miezi sita hadi mwaka wa tano, kisha kila mwaka. Aliyeondolewa kibofu hufuatiliwa zaidi kwa picha za kifua na tumbo na kwa vipimo vya damu vinavyoangalia figo. Daktari anayemtibu mgonjwa ndiye anayepanga ratiba kulingana na hali yake.

Kwa mkazi wa Mgeta, Matombo au Kinole, ratiba hiyo ina maana ya safari. Ni kushuka mlimani hadi mjini Morogoro, na kwa baadhi ya huduma kwenda Dar es Salaam, ambako ipo Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, pamoja na Hospitali ya Taifa Muhimbili. Nauli, siku za shamba zinazopotea na mtu wa kumsindikiza mgonjwa ni mzigo wa kweli kwa familia. Mzigo huo hupungua pale vipimo vya awali kama mkojo, figo na utrasaundi vinapofanyika karibu na nyumbani, na majibu yakasafiri pamoja na mgonjwa.

Mambo ya kuzingatia kwa mgonjwa na familia

Kwanza, karatasi zote za matibabu zitunzwe pamoja: jibu la kinyama, aina na idadi ya dozi za tibakemia, na majibu ya vipimo yakiwa na tarehe zake. Kiashiria husomwa kwa kulinganishwa na cha nyuma. Bila jibu la zamani, jibu jipya hupoteza nusu ya maana yake.

Pili, inapowezekana kipimo cha damu kirudiwe katika maabara ileile na kwa aina ileile ya mashine. Maabara mbili zinaweza kutoa namba tofauti kwa damu ya mtu mmoja, na tofauti hiyo ikadhaniwa kuwa ni ugonjwa.

Tatu, mgonjwa amweleze mtoa huduma kila anapokwenda zahanati au kituo cha afya kwamba aliwahi kutibiwa saratani ya kibofu. Taarifa hiyo moja hubadilisha namna mkojo wa damu unavyoshughulikiwa na huharakisha rufaa.

Nne, tarehe ya kliniki isisubiri dalili. Saratani inayorudi mapema huonekana kwa kamera kabla mgonjwa hajahisi chochote. Damu kwenye mkojo, maumivu ya kiuno yasiyokoma, kupungua uzito au kuvimba miguu ni sababu ya kwenda hospitali hata kama tarehe haijafika na hata kama kipimo cha mwisho kilikuwa kizuri.

Tano, uvutaji wa sigara uachwe. Tumbaku huongeza uwezekano wa saratani ya kibofu kujirudia.

Kinga inaendelea baada ya tiba

Mgonjwa aliyepona anarejea katika mazingira yaleyale ya maji. Kuvaa mabuti mashambani, kutumia maji ya bomba au ya kisima kwa kuoga na kufulia, na kutokojoa ndani ya maji au kando yake ni hatua zinazokata mzunguko wa kimelea. Serikali, kupitia Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Magonjwa Yaliyokuwa Hayapewi Kipaumbele, hutoa kingatiba ya kichocho kwa watoto wenye umri wa kwenda shule katika maeneo yenye maambukizi. Mtoto anayemeza dawa hizo leo anapunguziwa miaka ya uvimbeuchungu ambayo, kwa mtu mzima, inaweza kuishia katika saratani.

Wananchi wenye ndugu waliotibiwa saratani ya kibofu wanashauriwa kuwakumbusha tarehe zao za kliniki na kuwasindikiza inapobidi. Mwenye mkojo wa damu, awe amewahi kutibiwa saratani au la, afike katika kituo cha kutolea huduma za afya kilicho karibu naye kwa uchunguzi. Damu hiyo ikirudi baada ya dawa ya kichocho, aombe rufaa ya kuchunguliwa kibofu badala ya kurudia dawa ileile.